Salamu za Mama Zilizokula Bando

Aliyekosa gazeti la wiki jana nisimwache njiani. Mimi ni Nurdini, muuza asali wa hapa Tabora, mkazi wa Ipuli, mume wa Ummy. Nilisimulia jinsi biashara ilivyoyumba, jinsi nilivyoanza kubana matumizi ya simu, na jinsi Mama alivyofia Nzega nyumbani kwa dada yangu Najiat. Niliishia siku ya maziko. Tulikuwa tumerudi kutoka makaburini, nikaenda upande wa akina mama kumpa dada mkono wa pole. Nikamwamkia shikamoo mbele ya watu wote, naye akanipita kama hakunisikia.

Najua wapo waliosema huyo dada ana roho ngumu. Hata mimi nilisema hivyo, tena kwa siku thelathini na tatu, kwa kila aliyekuja dukani kununua asali. Leo mtaniona mimi mwenyewe nilivyo.

Nianze na hilo bando.

Bando la wiki lilikuwa likinikatikia siku ya pili. Nikaamini naibiwa. Nilikwenda dukani wanakouza laini, nimejaa maneno, na msichana wa pale akaniacha niyamwage yote. Kisha akaichukua simu yangu, akanionyesha. Video za makundi zilikuwa zinajishusha zenyewe. Programu zilikuwa zinajisasisha zenyewe. Mwizi alikuwa mfukoni mwangu, na mimi ndiye niliyemfungulia mlango. Nilirudi nyumbani nimepata elimu.

Sasa mimi nikipata elimu huwa sina kiasi.

Nilizuia picha, nikazuia video. Nilijitoa kwenye kundi la wauza asali, kundi la msikitini, na kundi la tuliomaliza pamoja darasa la saba. Data niliwasha mara mbili kwa siku, nikitoka kuswali alfajiri na nikishafunga duka, dakika kumi kila mara. Ummy nilimkataza video za mapishi. Watoto nilizima katuni zao. Mteja akitaka kunitumia picha ya asali aliyoiona kwingine ili tulinganishe rangi, nilimwambia anieleze hiyo rangi kwa maneno.

Bando likaanza kumaliza wiki. Tena MB nyingine zilikuwa zinabaki mpaka muda wake unaisha, zinapotea bila kutumika. Nilipoona zimepotea hivyo, nilifurahi. Nilijiona nimeshinda.

Sokoni wakanipa jina, Bwana Zima Data. Nililipenda. Watu walikuwa wanakuja na simu zao niwafungie hiki na kile, na mimi nawafungia huku nikiwahubiria.

Sasa nije kwa Mama.

Mama hakujua kuandika isipokuwa herufi za Kiarabu alizofundishwa madrasa utotoni. Najiat alimnunulia simu kubwa. Mchana, dada akiwa sokoni, Mama alikaa na mwanamke mmoja aliyeitwa Bernadeta, mtu wa Kipalapala huku kwetu, aliyekuwa akimpikia na kumsaidia kuoga, maana miguu ilikuwa imeanza kumvimba. Bernadeta ndiye aliyemfundisha Mama kujirekodi video. Mama aliipenda sana kazi hiyo. Alisema sauti peke yake haimtoshi, anataka nimwone uso.

Video zake zilikuwa ndefu, na sababu ilikuwa salamu.

Tabora ni mji wa salamu. Wazee wetu walipokea misafara iliyotoka pwani ikielekea Ujiji, na mgeni hakuulizwa amebeba nini kabla hajaulizwa habari za alikotoka, za njiani, na za aliowaacha. Mama alilelewa hivyo. Alianza na mimi, akaenda kwa Ummy, akataja watoto mmoja mmoja kwa majina, akapita kwa majirani wa kulia na wa kushoto, akamuulizia mama muuza vitumbua wa pale kona, akauliza nyuki kama mwaka huu wametoa vizuri. Jambo lenyewe, kama lilikuwepo, lilikaa mwisho kabisa.

Iddi iliyopita nilikwenda Nzega peke yangu. Wageni walikuwa wamejaa ukumbini. Mtu mmoja akanitania kuhusu jina langu la sokoni, na mimi nikapata mori wa kuchekesha watu. Nikamgeukia Mama.

"Mama, wewe ukirekodi sema jambo tu. Salamu ziache. Salamu zako zinakula bando langu."

Watu wakacheka. Mama naye akacheka kidogo, akaushika mtandio wake akauweka sawa.

"Sawa, baba," akasema.

Najiat peke yake hakucheka.

Baada ya Iddi video ziliendelea kuja, ila moja moja. Kwenye simu yangu hazikufunguka zenyewe, si nilikuwa nimezuia. Nilichokiona ni uso wa Mama umefunikwa na ukungu, mshale wa kubonyeza katikati, na ukubwa wake umeandikwa chini. MB kumi na nane. Halafu MB kumi na moja. Halafu saba. Nasema kweli, macho yangu yalikwenda kwenye namba. Nilijiambia nitazifungua siku nikipata mtandao wa bure mahali.

Ijumaa nilimpigia simu ya kawaida, dakika tatu nne, kama desturi. Ijumaa moja akaniuliza nimeiona ile ya mwisho aliyotuma.

Nikamwambia nimeiona.

"Basi unasemaje, baba?"

Nilikuwa napima asali ya mteja. Nikamjibu jibu la mtu asiyesikiliza.

"Msimu ukiisha tutaona, Mama."

"Msimu ukiisha," akasema. "Sawa, baba."

Nilidhani anataka niende kumtembelea. Wiki mbili baadaye alifariki, na msimu wa asali ulikuwa bado haujaisha.

Hayo nilikuwa nayo kifuani siku zote, lakini sikuwa najua uzito wake. Uzito niliujua siku ya thelathini na tatu, Ijumaa, nilipopanda basi kwenda Nzega kupanga arobaini.

Dada nilimkuta nyuma ya nyumba anachambua mchele. Nilimwamkia, na safari hii akaitikia marahaba. Moyo ukanitulia. Nikaanza kumweleza mipango yangu yote, nani atasoma, mbuzi wangapi, asali nitaleta mwenyewe. Aliniacha nikamaliza. Kisha akauweka ungo chini.

"Video za Mama," alisema. "Zile za mwisho. Uliziona?"

Hapo ndipo ningepona. Ningesema hapana tu. Lakini niliona aibu. Nililinganisha haraka haraka mtoto aliyemwona mama yake akachelewa kwenda, na mtoto aliyeshindwa hata kubonyeza video yake. Nikaona yule wa kwanza ana nafuu.

"Niliziona, dada."

"Zote?"

"Zote."

Aliniangalia mpaka nikakosa pa kuweka macho. Machozi yakamshuka bila sauti. Akasema tangu msiba alikuwa akijiambia labda Nurdini hakuziona, labda simu yake ilikuwa mbovu, labda alikuwa porini anakolina asali, hakuna mnara. Alikuwa akinitafutia mlango wa kutokea, na mimi nimekuja kuufunga mwenyewe.

"Basi Mama aliondoka anajua umemkatalia," akasema.

Nimemkatalia nini? Swali lilifika kwenye ulimi likakwama. Ningeuliza vipi, na nimeshasema niliziona zote?

Nikabaki nimesimama pale kama mtu aliyeitwa jina la mwenzake. Najiat akasema Ijumaa ya arobaini nije nikipenda, nikae ukumbini na wageni, nile, niondoke. Mambo ya Mama atayamaliza yeye. Akaokota ungo wake.

Stendi ya Nzega nilinunua bando. Sikununua la wiki. Nilinunua kubwa kuliko lote nililowahi kujiunga maishani, nikakaa kwenye benchi nikafungua ukurasa wa Mama. Nikabonyeza mshale wa kwanza.

Ikazunguka, ikaacha. Yakatokea maandishi kwamba faili hilo halipatikani tena, nimwombe aliyelituma alitume upya.

Nikabonyeza la pili, maneno yale yale. La tatu, la nne, la tano. Nilirudia mpaka mama mmoja aliyekaa pembeni yangu akaniuliza kama nimepata habari mbaya. Nikamwambia hapana, ni simu tu inasumbua.

Simu haikuwa na kosa. Baadaye niliambiwa na fundi kwamba video usiyoifungua haikusubiri maisha. Inakaa kule iliko wiki chache, halafu inaondoka. Mimi, mtaalamu wa kuzima data, hilo sikulijua.

Ya mwisho ndiyo iliyonimaliza. Chini ya ule ukungu palikuwa pameandikwa MB tatu.

Nyumbani Ummy alinisikiliza mpaka mwisho. Yeye huniita kwa jina la kijana wetu mkubwa. Alisema, "Baba Sabiri, mpigie dada sasa hivi, mwambie ulisema uongo. Kesho itakuwa ngumu zaidi."

Nilimwambia sitampigia mikono mitupu. Kwanza nijue Mama aliomba nini. Nikishajua, nitalitimiza kabla ya Ijumaa, halafu nitasimama mbele ya dada na kitu mkononi. Kama ni kumsomea, nitamsomea. Kama ni kumlea mtu, nitamlea. Kama ni kuuza duka, nitauza. Nilitaka radhi ya mama yangu, na sikuona njia nyingine ya kuipata.

Ummy alinitazama, hakubishana. Akanikumbusha tu kwamba siku ya tatu ya msiba vitu vya marehemu vilipogawiwa, nguo na vyombo, simu alipewa Bernadeta kwa kazi aliyoifanya. Na Bernadeta ameshaondoka Nzega, amerudi kwao Kipalapala.

Nusura nicheke. Nimehangaika Nzega, na kitu chenyewe kiko mlangoni kwangu.

Jumapili nilisubiri misa iishe, nikachukua pikipiki. Ukishapita seminari, njia inaingia kwenye mashamba, na kila niliyemuuliza alimjua. Nilimkuta uani anapukuchua mahindi, bado amevaa gauni la kanisani, kajifunga kanga juu yake. Akaniamkia kwa Kinyamwezi, mwangaluka, nami nikaitikia. Akainuka kunitafutia kigoda, akaniuliza habari za nyumbani, za Ummy, za watoto mmoja mmoja. Aliwajua kwa majina wote, na hajawahi kuwaona.

Nilipoona anaelekea kuuliza nyuki, nikainamisha kichwa.

Nilimwambia nimekuja kwa ajili ya simu ya Mama. Naomba nizione zile video, hata mara moja, hapo hapo alipo.

Bernadeta aliingia ndani, akatoka nayo. Niliitambua. Kifuniko chake kilikuwa kile kile cha maua ya njano. Nikaishika kwa mikono miwili.

"Kaka Nurdini," alisema polepole, "hii simu ilikuwa imejaa. Wiki ya pili nilimpa fundi pale mjini anisafishie, niweke laini yangu. Alifuta kila kitu. Sikujua kama mtakuja kuzitaka. Marehemu aliniambia wewe umeshaziona."

Nilimrudishia simu yake. Sikumlaumu, hata leo simlaumu.

Nikataka kuinuka niondoke. Lakini yeye aliendelea kuongea, mikono yake imerudi kwenye mahindi, haniangalii. Nadhani alikuwa amemkumbuka Mama.

Alisema kazi ya zile video ilikuwa kubwa kuliko kupika na kufua. Kabla ya Iddi Mama alirekodi mara moja akatuma. Baada ya Iddi alirekodi, akasikiliza, akasema ndefu, futa, mwanangu bando lake litakwisha. Anarudia. Akiwataja majirani, anasema hao niwatoe. Akirudia tena, anasema na watoto niwataje kwa pamoja. Siku nyingine ilichukua asubuhi nzima, na miguu imemvimba, anapumua kwa shida. Bernadeta alikuwa akimwambia mama, tuma tu kama ilivyo, mtoto wako atafurahi. Mama anasema hapana, nimeshamwelewa, anataka jambo bila salamu.

Kumi na nane. Kumi na moja. Saba. Nilikuwa nimeziona hizo namba zikishuka, nikashukuru.

"Ile ya mwisho," nikasema. "Ile fupi. Alisemaje?"

Bernadeta aliacha kupukuchua. Sasa ndipo aliponitazama.

"Si uliiona?"

Sijui kwa nini kwake nilishindwa kudanganya. Labda kwa sababu ya yale majina ya watoto. Nikatikisa kichwa. Nikamwambia sikuona hata moja.

Alishika mdomo kwa kiganja. Kuku wakaja wakala mahindi miguuni pake na yeye hakuwafukuza.

Kisha akaniambia.

Katika ile video Mama hakuwa na salamu. Alisema, "Nurdini, baba, mimi sitapona. Njoo unichukue unipeleke nyumbani Tabora, nifie kwako, unizike ubavuni mwa baba yako. Sina jingine."

Hiyo tu. Ndiyo iliyokuwa na MB tatu.

Bernadeta alisema walifunga begi siku ile ile. Mama alichagua mwenyewe kanga za kuja nazo. Najiat aliporudi kutoka sokoni aliambiwa asinipigie, kwa sababu Mama amekwishaniambia, na anataka nije kwa moyo wangu, nisije kwa kusukumwa. Begi likakaa mlangoni. Ijumaa nikampigia. Nikamwambia nimeiona. Nikamwambia msimu ukiisha.

Jioni ile Mama alimwomba Bernadeta alirudishe begi ndani.

Sasa mnielewe. Asubuhi ya msiba wazee waliniita mimi, mtoto wa kiume, wakaniuliza marehemu azikwe wapi. Najiat alikuwa amesimama kwenye mlango wa ndani na ushungi wake, anasikiliza nitasema nini. Nami nikasema azikwe hapa hapa Nzega, tusimtese kwa safari. Nilisema kwa nia njema kabisa. Wazee wakanisifu.

Nilikuwa nimekuja Kipalapala kutafuta jambo la kutimiza. Jambo lenyewe nilikuwa nimeshalizika kwa mkono wangu. Baba amelala Tabora, Mama amelala Nzega, na maiti aliyekwisha sitiriwa hafukuliwi kwa sababu mtoto wake alikuwa anabana MB.

Nililia pale uani, mtu mzima, mbele ya mwanamke nisiyemjua vizuri. Bernadeta hakuninyamazisha. Aliniletea maji kwenye kikombe.

Nilipotulia nikamuuliza kama baada ya begi kurudishwa Mama alinitaja tena. Nilitaka kujua alikufa ana nini moyoni juu yangu. Amenikasirikia, amenisamehe, amenilaani, lolote, bora nijue.

"Alikutaja," alisema Bernadeta. "Siku ile ya mwisho, asubuhi, kabla dada Najiat hajaingia. Aliniachia maneno."

Nikamwambia aniambie.

Akatikisa kichwa. Alisema maneno hayo ni ya watoto wawili. Mama alimwapisha ayaseme mara moja tu, wote wawili wakiwa wamekaa mbele yake, ili asitokee mmoja akampelekea mwenzake kwa namna anayotaka yeye. Na alimwambia asiende kuwatafuta. Asubiri wamwite. Nilibembeleza. Nilimwambia hali yangu anaiona. Alisikitika nami, lakini hakutikisika.

"Mimi niliapa, kaka. Na niliyemwapia hayupo wa kunifungua. Mpigie dada. Akikubali tukae watatu, hata kesho nitakuja Nzega kwa nauli yangu."

Nikasogea mpaka pembeni ya ua, kwenye banda la mbuzi. Nikampigia Najiat.

Aliitikia salamu yangu. Nikamwambia yote kwa mfululizo, nisije nikapata nafasi ya kugeuza. Kwamba nilimdanganya Ijumaa. Kwamba nilimdanganya Mama. Kwamba ile "msimu ukiisha" niliitoa bila kujua najibu nini. Kwamba sikuwahi kufungua video hata moja, na kwamba sasa hivi niko Kipalapala, nimeambiwa Mama aliomba nini.

Nilisikia tu jirani yake mmoja anatwanga.

"Simu yako ilikuwa mbovu?" akauliza.

"Hapana, dada."

"Ulikuwa porini?"

"Hapana. Nilikuwa dukani."

"Ile ya mwisho, aliyosema umchukue umpeleke kwa Baba. Ilikuwa MB ngapi?"

Nilitamani aniulize kingine chochote.

"Tatu."

"Tatu," akasema.

Nilimwambia kuna maneno ya Mama, Bernadeta anayo, lakini lazima tukae wote wawili ndipo atayasema. Nikamwomba kwa jina la Mama anipe robo saa tu, Ijumaa ya arobaini, kabla wageni hawajaingia. Nikamwambia baada ya hapo asiponitaka tena, nitaelewa.

Najiat alijibu bila hasira, na ndiyo maana niliogopa.

"Nurdini, mimi nilikaa na Mama wiki mbili anaangalia mlango. Siwezi kukaa na wewe chumba kimoja nikasikiliza jina lake. Sitaki kujua alisema nini. Arobaini usije."

Akakata.

Nilirudi uani. Nilijaribu kupanga uso wangu njiani, hatua kama ishirini hivi. Bernadeta alikuwa ameshasimama, amejikung'uta pumba za mahindi, kanga ameikunja mkononi, yuko kama mtu aliyekwisha jiandaa kwa safari. Macho yake yalikuwa yananingoja.

"Dada amekubali?" akaniuliza.

Nikamwambia amekubali, anatusubiri Ijumaa.